Shinjuku: treni hazichelewi, ila abiria anapotelea mlangoni

Wakuu, naandika hasira zikiwa bado moto, mtanisamehe. Jana nimezunguka ndani ya stesheni ya Shinjuku zaidi ya saa nzima nikimtafuta dada yangu, mtu mwenye goti bovu, na basi letu limeondoka bila sisi. Nilipoeleza kwenye grupu letu la wabongo tulioko Tokyo na vitongoji vyake, majibu yakawa yaleyale: "Fuata vibao tu, Japani huwezi kupotea." Nani aliwaambia?

Dada ametua Narita asubuhi, safari yake ya kwanza nje ya nchi. Wakala aliyetukatia tiketi za basi alituandikia maneno mawili: geti Kusini. Basi. Mimi nikatoka zangu Saitama nikasimama Kusini. Yeye akashuka na treni ya uwanja wa ndege, akapanda na begi lake la kilo ishirini na kitu, akaona neno Kusini, akatoka. Simu ikaita: "Mdogo wangu, mi nipo Kusini hapa, mbona sikuoni?"

Sasa nisikilizeni. Kusini Shinjuku siyo mlango mmoja. Kuna Minami, yaani Kusini. Kuna Tonan, Kusini-Mashariki. Kuna Shin-Minami, Kusini Mpya, ng'ambo ya barabara ya Koshu Kaido. Yote matatu yana herufi ileile ya kusini kwenye kibao. Mtu aliyekaa kwenye ndege usiku kucha ataona neno moja analolitafuta, mengine hayaoni. Dada alikuwa Tonan, na hapo ukitoka unakuta ngazi ndefu inakushusha kwenye uwanja wa chini. Akashuka. Kwa goti lile.

Pale chini akamuuliza mzee mmoja habari za mabasi. Mzee wa watu, kwa roho safi kabisa, akamwelekeza Magharibi. Simlaumu. Mabasi ya masafa marefu yalikuwa yametawanyika eneo hilo miaka yote, upande wa Magharibi ukiwemo, hadi Aprili 2016 yalipokusanywa Busta, lile jengo lililo juu ya reli upande wa Kusini, ambalo mabasi yanaondokea ghorofa ya 4. Kwa hiyo dada akaburuta begi kuelekea Magharibi, akaingia chini ya ardhi, na hapo ndipo nilipompoteza moja kwa moja. Nikamwambia nitumie lokesheni. Kidoti kikaonyesha yuko katikati ya reli. Baada ya dakika mbili kikaruka ng'ambo ya barabara. Chini kule ramani ya simu haina msaada, na simu yake ilikuwa na chaji asilimia 6.

Akaniambia anaona kibao cha jukwaa namba 5. Nikagonga kadi, nikakimbia hadi namba 5. Hayupo. Ndugu zangu, namba 5 Shinjuku ziko zaidi ya moja! Kampuni za treni pale ni kadhaa, na hazihesabu majukwaa kwa mfululizo mmoja. Jukwaa la 5 la JR liko juu, la Odakyu lina geti lake, na la tatu liko chini ya ardhi ambako Keio na treni za Toei zinatumia reli moja. Na ukishagonga kadi kuingia geti lisilo lako, kutoka nako ni kazi: nimepanga foleni dirishani kumweleza mhudumu, kwa Kijapani changu cha kuokoteza, kwamba sikupanda treni yoyote, namtafuta mtu. Dakika zinakwenda.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Stesheni ile ilianza mwaka 1885 ikiwa kituo kidogo pembeni ya mji. Mwaka 1927 Odakyu wakaja, mwaka 1959 ikaja reli ya chini ya Marunouchi, baadaye nyingine zikachimbwa chini zaidi, na kila mmoja akabandika kipande chake kwa mwenzake. Leo kuna waendeshaji 5, milango zaidi ya 200, na kabla ya korona walikuwa wanapita watu zaidi ya milioni 3.5 kwa siku. Guinness wanaitambua kuwa stesheni yenye watu wengi kuliko zote duniani. Halafu hadi Julai 2020 mtu asiye na tiketi hakuwa na njia ya moja kwa moja kutoka Mashariki kwenda Magharibi ndani ya stesheni! Uzunguke nje, au ulipie kupita getini. Miaka yote hiyo, watu wote hao.

Na ngazi sasa. Kutoka majukwaa ya JR, ukitaka kutokea Kusini unapanda juu, ukitaka kutokea Mashariki au Magharibi unashuka chini. Hakuna "chini" moja ya kumwelekeza mtu kwa simu. Kijana mwenye begi la mgongoni atasema siyo tatizo. Mwambie hivyo mama mwenye mtoto mgongoni, au mzee, au dada yangu, niliyemkuta amekaa juu ya begi lake pembeni ya nguzo, kiatu kimoja amekivua, watu wanampita kama maji yanavyopita jiwe, machozi yanamlengalenga na simu imeshazima. Lifti ilikuwepo. Ilikuwa nyuma ya kona, hakuna kibao hata kimoja kinachoonekana kutoka pale alipokaa.

Kwa hiyo msiniambie habari za treni kufika kwa sekunde. Treni ilifika kwa wakati, sibishi. Kinachonikera ni kwamba kutoka mlango wa treni hadi mlango wa basi hakuna anayekubali kuwa abiria ni wake. Waweke mfululizo mmoja wa namba kwa majukwaa yote na wabadilishe hayo majina ya Kusini yanayofanana. Na ninyi mnaokatia wageni tiketi, acheni kuandika neno moja. Andika geti, ghorofa, na kitu ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho.

Dada anarudi Narita Jumapili ya wiki ijayo, na njia yetu ni hiyohiyo. Anayepita Shinjuku kila siku aniandikie hapa: kutoka Busta hadi jukwaa la treni ya Narita, lifti zipi zinaunganika bila kukanyaga ngazi hata moja? Nataka jina la geti na ghorofa. "Fuata vibao" sitaki kuiona kwenye uzi huu.