Mafundi wa AC za magari, acheni kutujazia gesi bila kujua mnachokifanya!

Ndugu wadau, naandika nikiwa na hasira. Corolla yetu ya mwaka 1991, iliyotoka kiwandani na gesi ya R12, imerudi kutoka gereji moja ya hapa Dar es Salaam ikiwa imejazwa gesi nyingine, R134a, juu ya oili ileile ya zamani, bila kubadilishwa draya (kopo la kunyonya unyevu) wala oringi (mpira wa kuziba maungio) hata moja, na haukupita muda kompresa, pampu inayosukuma gesi, ikakwama. Nilipouliza nikajibiwa kwamba gesi ni gesi tu.

R12 huenda na oili ya madini. R134a haichanganyiki na oili hiyo, kwa hiyo oili hutuama kwenye kondensa (inayotoa joto nje) na evapoleta (inayopoza hewa ya ndani) huku kompresa ikisagika kavu. Anayehamisha mfumo ipasavyo hutoa oili ya zamani, huweka ya esta au PAG, oili za kutengenezwa zinazoendana na R134a, pamoja na draya mpya, huvuta hewa na unyevu kwa pampu, kisha hupima gesi kwenye mizani, takriban asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12. Huyu wetu alipima kwa kushika bomba kwa kiganja!

Tena R12 iliyokuwemo aliifungulia ikaishia hewani, gesi ileile inayoharibu tabaka la ozoni na ambayo, chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi zinazoendelea zilipaswa kuwa zimeachana nayo kufikia 2010. (Anayekuuzia R12 "mpya" leo, muulize ameitoa wapi.) R134a haigusi ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo ya kaboni dioksidi, na ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya mkataba huohuo yanaipunguza hatua kwa hatua. Kupunguza si kupiga marufuku, hivyo fundi anayekwambia gari la zamani sasa ni lazima lihamie R1234yf, gesi ya magari mapya, anawinda mfuko wako.

Wanaojaza mchanganyiko wa propani na butani nao wasijifiche. Unapoza vizuri, sikatai, ila unawaka, na evapoleta imekaa ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria.

Ninachodai ni kibandiko chini ya boneti kinachotaja gesi, uzito wake, aina ya oili na tarehe. Gereji hiyo imekataa kuniandikia hata jina la gesi kwenye risiti, na bado inataka kompresa nyingine niinunue kwao.