Wiki moja Unguja peke yangu: mchana mpira, usiku niende wapi?

Kijana wa Bopwe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie ni mtu wa Pemba, Wete, Bopwe, umri miaka 24, nauza vipuri vya pikipiki. Unguja nimekwenda mara tatu tu na zote nilikuwa na shughuli: ya kwanza kumpeleka marehemu baba hospitali, ya pili harusi, ya tatu kufata mzigo nikarudi siku ile ile. Mji siujui, naujua njia ya bandarini tu.

Sasa tajiri wangu kanipa wiki nzima, Jumamosi kwa Jumamosi, kabla Ramadhani haijaingia. Nimeamua niende peke yangu na begi la mgongoni. Sina mgonjwa, sina mzigo, sina harusi. Nataka michezo na nataka usiku. Mpira ndiyo maradhi yangu. Tarehe 13 Januari 2025 nilikuwepo uwanja wa Gombani, Zanzibar tulipoifunga Burkina Faso 2-1 na Kombe la Mapinduzi likabaki nyumbani, sauti ikanikauka siku nne. Lakini uwanja wa Amaan mpya, wa kwenu Unguja, sijaingia hata kwa mguu mmoja. Na ninaposema usiku ni usiku kweli. Kwetu ikishaswaliwa isha, ukitoa kibanda cha mpira, anayebaki barabarani ni paka na mlinzi wa benki. Nataka kujua watu wa mjini saa nne, saa tano wanafanya nini. Ulevi situmii, huko msinipeleke.

Mfukoni nna laki tatu, boti kwenda na kurudi nishailipa. Nilale wapi? Mechi za siku za kawaida zinachezwa wapi? Na usiku mtu akiwa peke yake akae wapi asionekane mwizi?

Jambo jengine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Nna shangazi Kwamtipura. Mlango wake saa tatu unapigwa komeo na funguo anailalia. Nikifikia kwake safari imekwisha. Sijamwambia kama nakuja.

Mzee wa Dhumna

Waalaykum salaam. Una shangazi Kwamtipura halafu ulale gesti? Atajua. Unguja hii mtu akinunua samaki Darajani asubuhi, adhuhuri mtaa wa pili wanajua kama ni changu au tasi.

Popobawa wa Mjini

Lala Forodhani, bure, na upepo juu yake.

Binti Kikwajuni

Mdogo wangu usimsikilize huyo, askari watakuamsha.

Mie nimezaliwa Kikwajuni, mpira wa uwanja wa Mao Zedong nausikia nikiwa jikoni, kwa hiyo nisikilize. Amaan ni ya mechi kubwa. Pale Mlandege iliipiga Simba 1-0 fainali ya Mapinduzi 2024, mwaka wa pili mfululizo wanabeba kombe, na mtaa mzima haukulala. Pale pale Simba ilitoka 1-1 na RS Berkane tarehe 25 Mei 2025, kombe la Shirikisho likapanda ndege kwenda Morocco, mume wangu akakataa chakula cha usiku. Ukibahatisha mechi ya taa, nenda. Lakini ukitaka mpira wa kunusa jasho, njoo Mao. Wachina walituwekea upya, viwanja viwili, na alasiri aghlabu hukosi timu zinacheza, za ligi au za madaraja ya chini. Unakaa karibu mpaka unamsikia kocha anavyotukana. Samahani, anavyofundisha.

Na nyote humu mkitaja michezo mnakusudia wanaume kumi na moja na mpira wa miguu. Jioni pita mitaani utazame nage. Wawili wanarusha, mmoja huku mmoja kule, walio katikati wanaukwepa, na kanga imefungwa kiunoni. Dada yangu ana watoto wanne na mpaka leo hajapatikana mtu wa kumpiga kirahisi.

Usiku sasa. Huu ni mwezi wa harusi, watu wanawahi kabla ya Ramadhani, kwa hiyo masikio yako ndiyo ramani. Ukipita Vuga jioni ukasikia kanuni na fidla za taarab, simama. Culture Musical Club wapo tangu 1958, na wenzao wa Ikhwani Safaa tangu 1905, wala si watu wa kumfukuza mtu anayekaa kwa adabu. Ukiguswa na wimbo, inuka ukatunze. Elfu moja inatosha, hapana haja ya kujionesha.

Gesti tafuta Ng'ambo, usilale Mji Mkongwe, huko kitanda wanakihesabu kwa dola. Kuhusu shangazi sisemi kitu, mie mwenyewe ni shangazi.

Fundi wa Vespa

Boda usipande kabla hamjakubaliana bei, na ukisema neno moja tu watajua Mpemba kaja mjini na ana pesa ya safari. Kaza uso.

Watakwambia nenda Kendwa kwenye ngoma ya mwezi mpevu. Mie nimekwenda mara moja, kwa kazi, vespa ya mgeni ilimzimikia kule. Muziki mzuri, soda moja bei ya kilo ya mchele, na ukimaliza huna pa kwenda, maana magari ya 116 ya Nungwi yalishalala zamani. Nilikaa mchangani mpaka alfajiri na spana mkononi. Ukiwa na laki tatu baki mjini. Mechi za Ulaya za katikati ya wiki zinaanza saa tano usiku kwa saa zetu, kaa kibandani Michenzani uone kama mji huu unalala.

Na jaribu makachu, wale vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani Forodhani. Mpemba gani asiyejua kuruka majini?

Kijana wa Bopwe

Makachu nawaona kwenye simu tu. Ule ukuta una urefu gani?

Fundi wa Vespa

Ukuta si tatizo. Angalia maji yawe yamejaa.

Mzee wa Dhumna

Kijana, mie barza yangu Mkunazini, kila siku baada ya isha. Kofia ya kijani. Njoo unywe kahawa, hapana atakayekuona mwizi ukiwa umekaa na wazee. Na shangazi mpigie simu.

Kijana wa Bopwe

Nimerudi jamani. Naandika nikiwa dukani, leo pikipiki zote za Wete ni nzima.

Nilishuka Malindi Jumamosi mchana, nikapata gesti nyuma ya Darajani, 25,000 kwa usiku, feni yake inalia kama mbuzi. Jumapili alfajiri nikaamshwa na makelele nikadhani pana moto. Kumbe kikundi cha mazoezi, wazee kwa vijana, kina mama buibui juu raba chini, wanakwenda mchakamchaka na nyimbo. Nikavaa viatu nikawafata kwa kiburi cha ujana. Mpaka tunafika Maisara bibi mmoja, rika la mama yangu, keshanipita mara mbili, na ya pili akaniambia "pole baba."

Jumatatu Mao. Timu sizitaji, mjomba wangu mmoja ni shabiki na humu anasoma. Nilikaa nyuma ya benchi. Kipindi cha pili kocha akamtoa beki wa kulia, na yule anayeingia kiatu chake kilikuwa kimeachia soli. Beki akakaa chini pale pale kwenye mstari, akavua vyake, akampa, mshika kibendera anasubiri. Halafu akaja benchini na soksi, akaomba ubuyu kwa mtoto aliyekaa mbele yangu. Mechi iliyobaki sikuiangalia sana, nilikuwa naangalia vile viatu tu. Vilicheza vizuri kuliko vilivyokuwa na mwenyewe.

Jumanne Forodhani. Fundi, wewe na maji yako yaliyojaa. Nilikwenda kabla ya magharibi, vijana wanakuja mbio kutoka mbali, wanakanyaga ukingo wa ukuta, wanajikunja hewani, mmoja aliruka na baiskeli kuukuu. Begi nikamwachia mama anayeuza mihogo. Wakaniuliza natoka wapi, nikasema Wete. "Aa, Mpemba, huyo bahari yake." Basi hapo nikawa sina njia ya kurudi. Nikakimbia, nikaruka, na hewani nikasahau kila kitu. Nilianguka kwa tumbo. Ule mlio walisikia mpaka wachoma mishkaki. Nikatoka majini natabasamu huku machozi yananitoka, na mama wa mihogo akaniambia, "Mwanangu, kaa ule." Akanipa na pilipili ya bure. Usiku mzima nililala chali.

Jumatano nikaenda kwa Mzee wa Dhumna. Kofia ya kijani kweli. Walinipisha kwenye kona ya barza kama waliokuwa wakinisubiri, muuza kahawa akainamisha dele, na kabla kikombe hakijanifika mdomoni mzee akauliza, "Wewe mwana wa nani?" Nikataja jina la baba. "Yupi, aliyekuwa na ngalawa au yule wa skuli?" Wa ngalawa. "Basi bibi yako ni fulani." Ni kweli. Pale pale nilijua nimekwisha, ila kahawa ilikuwa tamu na kashata ya nazi bado moto, nikabaki. Tulicheza dhumna mpaka saa tano, tukenda kuangalia mpira kibandani, nikalala saa nane. Dhumna nilifungwa, idadi siikumbuki.

Alkhamis saa moja asubuhi nikagongewa mlango. Mhudumu anasema nna mgeni. Nikateremka, shangazi yuko mapokezi, amekaa kwenye kiti cha mhudumu, kikapu mapajani, ndani mna chapati na samaki wa kukaanga, na mhudumu keshaanza kumwita mama. Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Hilo feni ndilo lililokushinda kuja kwangu?"

Begi nikabeba. Na huko Kwamtipura ndiko nilikojifunza mpira wa Amaan. Shangazi anakaa pale zaidi ya miaka thelathini na uwanjani hajaingia hata siku moja, lakini goli likiingia vikombe vyake vinagongana kabatini, na matokeo anayajua yote kwa kuhesabu. Anatofautisha mpaka goli la kweli na la kuotea: la kuotea, anasema, linaanza kwa kishindo linaishia kama mtu aliyejikwaa. Usiku ule palikuwa na mechi, nikamwambia twende pamoja, nitalipa mie. Akasema hana nguo ya kuvaa mpirani. Nikaenda peke yangu. Viti, taa, nyasi, dakika kumi za mwanzo nilikuwa kama mtoto dukani. Niliporudi, mlango uko wazi na yeye kasimama pale. "Mbili moja," akasema. Ilikuwa mbili moja.

Ijumaa ndiyo nikapata ujasiri, nikamwambia basi twende Forodhani. Akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na buibui lake zuri. Mara ya mwisho kufika pale usiku, lile jumba la Beit el Ajaib lilikuwa bado zima, yaani kabla halijaporomoka Disemba 2020. Alisimama mbele ya jumba muda mrefu hakusema kitu, halafu akauliza urojo uko wapi. Alikula bakuli mbili, la pili akaagiza mwenyewe na kuwaambia waongeze badia na wapunguze maneno. Makachu aliwatazama mpaka wa mwisho katoka majini anatetemeka. Mama wa mihogo akaniona akacheka, "Huyu ndiye wa tumbo," na ikabidi hadithi yote isimuliwe, wanawake wawili wanacheka wameshikana mikono kama wamesoma pamoja.

Tukarudi kwa boda mbili. Saa tano na robo tupo mlangoni. Komeo limepigwa. Mjukuu wake, yule wa miaka kumi, alifata sheria ya nyumba kama alivyofunzwa, saa tatu kafunga, na funguo kailalia. Tulibisha hodi, tukapiga dirisha, jirani akaamka, mtoto hakuamka. Tukakaa barzani nje, mie na shangazi, yeye kavua viatu kaviweka pembeni, ananiuliza kesho boti ni saa ngapi.

Mzee wa Dhumna

Mie sikumwambia. Aliniuliza, nikajibu. Na dhumna ilikuwa sita bila.