Malisho ya kipupwe Mwanza: oti na klova vitakubali huku au nipande nini kwa mbuzi na sungura?

Dogo_Buswelu:
Mwangaluka wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Niko Buswelu, nyuma ya nyumba nina kieneo kama robo eka hivi, nafuga mbuzi wa maziwa wanne, sungura, kuku wa kienyeji na kanga kadhaa. Nafuga ndani, siachii nje maana majirani wana bustani. Sasa mvua zikiwepo hakuna shida, balaa ni kuanzia Juni mpaka Septemba, majani yote yanakauka mpaka yale ya kwenye mawe huko juu, na jamaa wanaoleta majani kwa baiskeli wanajipangia bei wanavyotaka, leo hivi kesho vile.

Nimekuwa naangalia video za Wamarekani, wenyewe wanapanda oti na rai (nafaka za sehemu za baridi), klova (jamii ya maharage) na tenipu (mboga ya mizizi) joto linapoanza kupungua halafu wanalisha kipindi chote cha baridi. Kuna wengine wanapanda mpaka kipande cha pembeni kwa ajili ya wanyama wa porini waje wale. Nikajiuliza, mbona na sisi mwezi wa saba asubuhi kuna kibaridi, kwa nini nisiagize mbegu nijaribu? Masika ndio yanaanza, nataka nijue mapema. Mwenye uzoefu wa huku kanda ya ziwa aniambie.

Kibobo_wa_Luchelele:
Hahaha eti kuwapandia wanyama pori. Njoo huku kwetu ziwani upande robo eka ya majani laini uone kama hujapata mgeni wa tani moja na nusu. Kiboko mmoja usiku mmoja anaweza kula mpaka kilo 40 za nyasi, na anachokanyaga usikihesabu. Sisi huku tunatafuta cha kuwafukuza wewe unatafuta cha kuwaita

Dogo_Buswelu:
Mkuu mimi niko mbali na maji, kiboko hafiki. Kwangu mimi wasumbufu ni pimbi wa kwenye mawe, wanashuka asubuhi na jioni wanafyeka matembele kama wamelipwa.

MzeeWaNgitili:
Marahaba mwanangu. Swali lako zuri, ila ngoja tuanzie kwenye baridi yenyewe. Wale wenzetu ardhi inaganda, ndio maana wanatafuta mimea inayovumilia baridi. Wewe Mwanza uko kwenye mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari na ikweta iko hapo juu tu, hicho kibaridi cha mwezi wa saba kikifika saa nne asubuhi kimeshakimbia, mchana jua linapiga nyuzi 28 au zaidi. Oti inapenda ubaridi, ukiipeleka kwenye joto la namna hiyo inakimbilia kutoa masuke ikiwa fupi na ugonjwa wa kutu unashambulia majani yake. Rai na klova nyeupe ndio kabisa. Hizo mwachie mtu wa Njombe, Mbeya au Lushoto, huko zinafanya vizuri. Kwa hiyo usipoteze hela ya mbegu.

Kinachokausha majani yako Julai ni maji. Baridi haihusiki. Na ukishalijua hilo mpango wote unabadilika, maana chakula cha Julai kinapandwa Machi, hakipandwi Juni. Wazee wetu Wasukuma walilijua hili zamani sana, ndio ngitili zile. Unafunga kipande mvua zinapoanza, mifugo hairuhusiwi kuingia, nyasi zinakua zinakauka zikiwa zimesimama, kiangazi kikikaza ndio unafungua kidogo kidogo. Shinyanga kule mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 walirudi kwenye utaratibu huohuo na miti ikarudi kwenye maeneo yaliyokuwa jangwa. Wewe huna ng'ombe mia wala huna mbuga ya kufunga, ila hiyo robo eka ifanye ngitili yako, tofauti ni kwamba utakata wewe kwa panga na kuhifadhi badala ya kuachia mbuzi waingie.

Sasa cha kupanda. Udongo wa Buswelu mwingi ni luseni, ule mchanga uliotokana na haya mawe yetu, hautunzi maji, kwa hiyo samadi ya hao mbuzi na sungura irudi shambani yote usiuzie watu. Matete (majani ya tembo) weka mistari pembezoni na sehemu inayopokea maji ya bati. Unakata yakifika usawa wa kiuno hivi, usisubiri yakomae yawe miti maana yakikomaa mbuzi wanachagua majani tu wanaacha mabua, na ukikata acha kisiki cha vidole vinne vitano kichipue. Halafu sehemu kubwa ya eneo panda mahindi, na mahindi yakifikisha kama wiki tatu nne tia fiwi katikati (watu wa Arusha wanaita ngwara). Ukiitia mapema sana itapanda juu ya mahindi iyakabe. Hii fiwi ndio jibu la swali lako, mzizi wake unaenda chini sana, mahindi yakishavunwa Juni na mengine yote yamekauka yenyewe inabaki kijani, na ni jamii ya maharage kwa hiyo protini ipo. Mbegu sio lazima uagize kwa Wamarekani.

Mama_Marando:
Mzee amesema kweli ila amesahau marando jamani, mtu wa kanda ya ziwa unaongelea chakula cha mbuzi bila kutaja marando ya viazi? Mimi niko Kisesa, mbuzi wangu wa maziwa ukiwachanganyia matete na marando maziwa yanaonekana, ukiwapa matete peke yake yanashuka. Unapanda matuta masika, unakata marando bila kumaliza yote, viazi unakula mwenyewe unatengeneza na michembe (viazi vya kukausha). Kiangazi unaacha tuta moja mbili karibu na bafu maji yanakotokea ili usikose mbegu mvua zikirudi. Ila maji ya kufulia yenye sabuni nyingi usimwage hapo kila siku yanaharibu udongo.

Sungura nao wanapenda sana, ila usiwape mabichi yenye umande, anika kidogo yanyauke maana wataharisha, na wale wadogo ndio wanakufa haraka.

Dogo_Buswelu:
Wabeja sana mzee, wabeja mama. Sasa hapo nimeanza kuelewa. Naomba kuuliza mengine mawili: kuna jirani ana miti ya lukina amesema nikate bure, nimpe na sungura? Na lile gugu maji la ziwani, kuna mtu ananiambia nichukue kwa kirikuu nije nilishe mbuzi, ni bure na liko mwaka mzima.

Vet_wa_Mtaa:
Lukina kwa mbuzi sawa, iwe kama theluthi ya chakula au chini ya hapo, anza kidogo kidogo tumbo lizoee. Sungura USIMPE. Kuna kitu ndani yake kinaitwa mimosini, mnyama anayecheua ana vijidudu tumboni vya kukivunja, sungura hana, manyoya yanapukutika na anadhoofu. Nguruwe na punda hivyo hivyo. Kuku unaweza kuwawekea unga wa majani makavu kidogo sana, usizidi asilimia 5 ya chakula, kiini cha yai kinakuwa cha njano watu wanapenda.

Gugu maji achana nalo. Zaidi ya asilimia 90 ni maji, kwa hiyo unalipia kirikuu kusomba maji ya ziwa mpaka Buswelu. Na lina tabia ya kunyonya madini mazito, kama limetoka kwenye mifereji ya mjini hujui mbuzi wako anakula nini na wewe unakunywa maziwa ya nini.

Hapo hapo niseme na la majani ya kandokando ya ziwa na kwenye madimbwi, maana hao wa baiskeli wengi ndiko wanakokata. Kule kuna konokono wanaobeba minyoo bapa ya ini, inang'ang'ania kwenye nyasi mbichi, mbuzi anakula, baada ya muda unaona amekonda, kidevu kimevimba kwa chini, macho meupe. Ukinunua majani ya huko anika juani mpaka yakauke kweli, hatari inapungua ingawa haiishi, na dawa ya minyoo iwe inayoua minyoo bapa, sio kila dawa ya minyoo ya dukani inaua hiyo. Na wewe unayeingia kwenye maji kukata kuna kichocho kinakusubiri.

Kibobo_wa_Luchelele:
Ongezea na mamba. Na mtu asije akasoma hapa akaja kulima matete ufukweni akidhani kapata shamba la bure, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, watakung'olea. Na wanaokata majani jioni jioni huku waache, giza likianza kuingia ndio kiboko anapanda nchi kavu kula, ukikaa kati yake na maji umekwisha. Akizoea shamba lako usiende kumrushia mawe, toa taarifa kwa watu wa wanyamapori wilayani.

Fundi_Hei:
Mimi naona wote mnaongelea kupanda, kuhifadhi mnapita juu juu, na ndiko watu wanakofeli. Dogo piga hesabu kwanza. Mbuzi wa kilo 30 mpaka 40 anataka kama kilo moja hadi moja na nusu kwa siku, chakula kikavu hicho, ukimpa mabichi ni mara tano yake maana mengi ni maji. Una wanne, miezi minne, hapo ni kilo 500 mpaka 700 kavu, na wanaonyonyesha wanavuta juu. Sasa ukiwa na robota (furushi la nyasi kavu zilizoshindiliwa) la kilo 20 unahitaji marobota thelathini na kitu. Unayaweka wapi? Hilo ndio swali la kwanza kabla ya mbegu.

Kutengeneza robota huhitaji mashine. Fundi seremala akupigie sanduku lisilo na mfuniko wala kitako, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45. Unatandika kamba mbili chini, unajaza nyasi kavu, unaingia unakanyaga, unajaza tena unakanyaga, unafunga kamba, unainua sanduku, hapo una kama kilo 20. Nyasi zikatwe zinapoanza tu kutoa maua, mwezi wa tano mvua zinapopungua, anika siku mbili tatu ukigeuza, zikauke bado zikiwa na rangi ya kijani. Zikishakuwa kahawia umechelewa, hapo unalisha tumbo tu. Weka juu ya mbao au mabanzi zisiguse chini, mchwa wa Mwanza unawajua.

Matete hayakauki vizuri kwa hei (nyasi kavu za kuhifadhi), bua lake nene, hayo katakata tengeneza saileji (majani mabichi yanayochachushwa bila hewa) kwenye mfuko mkubwa wa nailoni. Kilo 70 za matete yaliyokatwa vipande vidogo, unanyunyizia molasesi (ule uji mweusi wa kiwanda cha sukari) lita moja iliyochanganywa na maji lita tatu, unashindilia mpaka hewa itoke yote, unafunga. Baada ya mwezi inakuwa tayari, na usipoifungua inakaa tu. Adui ni panya, akitoboa tundu moja hewa inaingia, mfuko wote unaoza.

Chief_Igoma:
Mie sijasoma yote ila mtama pia unavumilia ukame kuliko mahindi, kwa nini asipande mtama

Vet_wa_Mtaa:
Apande, ila awe mwangalifu. Mtama mchanga, chini ya magoti, au ulionyauka kwa jua halafu ukachipua upya, una sumu ya sianidi, mbuzi anaweza kudondoka muda mfupi tu baada ya kula. Uache upite kiuno, au ukaushe kabisa uwe hei ndio ulishe. Majani ya mhogo hivyo hivyo, anika kwanza.

MzeeWaNgitili:
Na mtama ukitoa masuke kwelea kwelea watakusaidia kuvuna. Kama ni kwa malisho kata kabla punje hazijakaza.

Kwenye ile tenipu uliyosema, ndugu yake unaye tayari hapo mtaani, sukuma wiki. Hiyo ndio mboga inayokubali kipupwe chetu kuliko masika, magonjwa ya majani yanapungua, unachohitaji ni madumu ya maji asubuhi na jioni kwa vituta viwili vitatu. Majani ya chini yanayozeeka wape kuku na kanga. Mbuzi wape kwa kuonja tu, wakila nyingi kila siku inawaharibia damu, na sungura inawajaza gesi.

Pimbi hutawaweza kwa maneno, wanapita popote kichwa kinapopita. Panda minyaa uzio mnene upande wa mawe lakini mstari wa kwanza baada ya uzio uwe matete, marando yakae karibu na nyumba anapofungwa mbwa. Ukikata minyaa chunga utomvu wake usiingie machoni.

Dogo_Buswelu:
Mzee na wengine nimewapata vizuri. Matete nitatoa wapi vipando vizuri? Ya jirani yangu naona yamedumaa, yana majani membamba ya njano.

MzeeWaNgitili:
Hayo ya jirani USIPANDE, huo ni ugonjwa wa kudumaa, unasafiri na kipando na kuna kijidudu kinachorukaruka kinausambaza. Mwambie naye ang'oe visiki vyote achome. Wewe panda gari la Shinyanga, ukishapita Misungwi mjini shuka Mabuki, pale kuna kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI na chuo cha mifugo cha LITA, waulize vipando vya matete na mbegu za malisho, na ukiwa huko angalia kama wana brachiaria (aina ya nyasi za malisho), kwenye kichanga chako inaweza kukupa majani mengi kuliko unavyodhani. Nenda wiki hii, mvua hazisubiri mtu. Chukua viroba viloweshe maji ufungie vipando, usiviache juu ya keria vikapigwa jua mpaka Buswelu.

Mama_Marando:
Na marando njoo uchukue kwangu Kisesa, sikuuzii. Uje na gunia lako tu

Dogo_Buswelu:
Jumamosi nakuja mama. Sanduku la hei nimeshampigia fundi ananiambia mbao za mlingoti zinatosha, Fundi_Hei hiyo 45 ya kimo ni kwa ndani au kwa nje?

Fundi_Hei:
Zote kwa ndani. Na amwambie aweke vishikio pembeni, kuinua likiwa limejaa bila vishikio utamtukana mtu.