Baba anamkabidhi studio mdogo wetu: nimwoneshe daftari la mama?

Binti wa Chuno: Wakubwa, shikamooni. Baba ana studio ndogo ya muziki hapa Mtwara mjini, na tangu aanze kuugua ametamka kwamba atamkabidhi mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndiye mwimbaji, ilhali mimi nimeshika hesabu kwa miaka tisa na anayenifuata ndiye fundi wa mitambo. Wadogo zangu hao sasa hawasalimiani. Kinachoniuma zaidi ni mama. Kompyuta na spika za kwanza zilinunuliwa kwa fedha za korosho za shamba lake la Nanyamba. Daftari lenye kilo na bei kwa mwandiko wake ninalo, limeliwa na mchwa pembeni lakini linasomeka. Tulipokuwa tukitazama *Empire*, ile tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 2015, mama alicheka kila kitu, ila Cookie, mama wa familia ya humo, alipotoka gerezani baada ya miaka 17 kudai haki yake katika kampuni iliyoanzishwa kwa fedha za dawa za kulevya, biashara iliyomfunga yeye, mama aliinuka kimya akaenda kuepua wali ambao haujaiva. Je, nimwoneshe baba daftari faraghani, au nimpelekee mjomba kabla ya kikao cha ukoo?

Mzee wa Mikindani: Marahaba, mwanangu. Ukianzia kwa mjomba, baba yako ataona ameshtakiwa kwa shemeji yake, na mgonjwa aliyefedheheshwa hasikii tena hoja. Halafu daftari ni la mama, yeye anasemaje?

Lindi Kwetu: Mzee, kwa heshima, faragha siiamini. Lucious, baba mwenye kampuni katika *Empire*, aliwashindanisha wanawe watatu, na Andre, msomi aliyeshika fedha za kampuni, alipuuzwa kwa kuwa si mwanamuziki. Dada, huyo ni wewe. Nendeni watatu pamoja.

Karani Mstaafu: Tazameni kwanza cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ikiwa ni jina la biashara la baba peke yake, hakuna hisa za kugawana. Mkisajili kampuni, mama na kila mtoto anaweza kuandikiwa zake. Tena mdogo wenu afahamu kwamba kurithi vyombo si kurithi nyimbo za wasanii waliorekodi hapo, maana haki ya wimbo huanza na mtunzi wake.

Binti wa Chuno: Ahsanteni. Mzee, nimemuuliza mama leo asubuhi. Amelichukua daftari, amelifunga ndani ya kanga, akasema atalipeleka mwenyewe baada ya baba kunywa dawa za jioni.