Diski ya badala haitulii kwenye kompyuta mpakato ya 2011: nichukue nyingine ya kuzunguka, SSD, au kisanduku cha mahali pa DVD?

MwalimuNyakato
Habari za jioni, wanajamvi. Naomba mnisaidie kupima njia tatu kabla sijatoa fedha nyingine mfukoni. Nina kompyuta mpakato ya mwaka 2011 yenye RAM ya GB 4, ambayo ndiyo ninayotungia mitihani na kujazia alama. Diski yake ya awali ya GB 320 ilianza kugonga, tik tik tik, na baada ya siku tatu mashine ikagoma kuwaka. Nikanunua mjini diski ya kuzunguka ya GB 500 iliyokwisha kutumika, nikaifunga mwenyewe kwa bisibisi ya kuazima. BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, iliiona, nikaanza kuweka Windows kutoka kwenye flashi, na ilipofika asilimia 60 na ushei ikasimama ikidai kwamba faili fulani haliwezi kunakiliwa. Nilipozima na kuwasha tena, diski haikuwapo kabisa. Nikaibeba mashine kumwonyesha mke wangu ule ujumbe, nikaiwasha mbele yake, diski ikaonekana. Nikaaibika kama mtu aliyempeleka mtoto hospitali naye akapona mlangoni.

Njia ninazozifikiria ni kurudisha diski hii na kuchukua nyingine ya aina hiyohiyo, au kuongeza fedha nipate SSD, yaani diski isiyo na sehemu ya kuzunguka, ya GB 240, au kufuata ushauri wa fundi mmoja aliyetaka aning'olee kisomeo cha DVD na kuweka diski mahali pake. Dukani nilipewa siku saba za kurudisha, nazo zimebaki tatu. Nilitaka pia kulalamika kwamba GB 500 zinasomeka 465, lakini huenda hilo nalo lina maelezo.

FunditarajaliMabatini
Shikamoo, Mwalimu. Hilo la 465 lina maelezo: mtengenezaji huhesabu kwa makumi, yaani GB 1 ni baiti 1,000,000,000, ilhali Windows hugawanya kwa 1,024 mara tatu, kwa hiyo hujaibiwa.

Kabla ya kulinganisha diski na diski, naomba turudi kwenye jambo ulilolipita kwa haraka, la kuibeba mashine na diski kuonekana. Diski iliyokufa haifufuki kwa kubebwa, bali kinachobadilika mtu anapobeba mashine ni mguso wa viunganishi. Katika mashine nyingi za umri huo diski haichomekwi moja kwa moja kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa mashine. Kati yao kuna kebo bapa, nyembamba kama utepe, inayopita chini ya kifuniko. Kebo hiyo ikikunjwa vibaya au ikibanwa na skrubu, nyuzi zake za ndani hukatika nusunusu, na matokeo yake ndiyo hayo unayoyaeleza: diski huonekana, hupotea, na huvunja kazi katikati ya kunakili.

Zima mashine, toa betri, chomoa kebo na uishike dhidi ya mwanga uone kama ina mkunjo wenye alama nyeupe. Kisha azima kebo ya USB ya kusomea diski, ipeleke diski kwenye kompyuta nyingine, na usome taarifa za SMART, yaani kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Tazama mistari mitatu tu. Namba 05 ni sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, zilizokwisha kuhamishwa kwa kuharibika, C5 ni sekta zinazosubiri hukumu, na C7 ni makosa ya mawasiliano baina ya diski na mazabodi. Zikipanda mbili za kwanza, mgonjwa ni diski yenyewe. Ikipanda C7 peke yake, mgonjwa kwa kawaida ni njia. Lakini C7 hairudi nyuma, na diski yako imetumika kwa mtu mwingine, kwa hiyo iandike, irudishe diski kwenye mashine yako, jaribu tena kuweka Windows, kisha usome upya. Kinachohukumu ni ongezeko.

BwiruJuu
Nakubaliana na fundi kuhusu kebo, ila hata kebo ikipona mimi nisingebaki na diski ya kuzunguka. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika hutumia milisekunde 11 na kitu kwa mzunguko mmoja, maana yake kwa wastani husubiri zaidi ya milisekunde tano ili mahali panapotakiwa pafike chini ya kichwa cha kusomea, na hapo bado hatujahesabu muda wa kichwa chenyewe kusogea. SSD haina cha kuzungusha wala cha kusogeza. Windows inapowaka husoma maelfu ya vipande vidogovidogo, na subira hizo ndizo zinazomfanya mtu aende kuchemsha chai na kurudi. Kama mashine yako ni ya SATA (njia inayounganisha diski na mazabodi) ya kizazi cha pili, yenye ukomo wa takriban MB 300 kwa sekunde, SSD haitafikia kasi yake yote, lakini hilo halitakusumbua hata kidogo.

Ukiichukua, hakikisha BIOS iko kwenye AHCI, mtindo wa kuwasiliana na diski, kabla ya kuweka mfumo. SSD nyingi zina unene wa milimita 7 na diski yako ya zamani huenda ni ya 9.5, kwa hiyo italegea. Mimi nilikata ubavu wa boksi la majani ya chai, nikalipachika juu yake, na mwaka wa tatu sasa halijasogea.

StesheneriNyegezi
Ndugu Bwiru, unasifu SSD kana kwamba zote ni moja. Sisi tulio jirani na chuo hapa Malimbe tunaletewa mashine za wanafunzi kila msimu wa tasnifu. Diski ya kuzunguka mara nyingi hulalamika kwanza, ama kwa kugonga ama kwa uzito wa kufungua mafaili, na mtu akisikia hupata nafasi ya kunusuru kazi yake. SSD za bei ya chini zisizo na jina huondoka kimya: jioni mtu ameandika, asubuhi BIOS haioni kitu, na kuokoa kilichomo ni gharama ambayo mwanafunzi haiwezi. Mwalimu akinunua, achukue ya kampuni inayotoa dhamana ya miaka mitatu, aijaze data mpaka mwisho kisha aisome yote siku hiyohiyo, kwa sababu zipo zinazotangaza GB 240 na ndani hazimo. Mitihani na alama aziweke pia kwenye flashi.

KivukoNansio
Kuhusu kisanduku cha mahali pa DVD, mimi ninacho na ninasafiri nacho kila wiki melini. Kinafaa kwa diski ya pili ya kuhifadhia, ila kwa diski ya mfumo sikishauri, kwa kuwa katika mashine nyingi mlango huo wa SATA ni wa polepole, na BIOS nyingine hukataa kuwasha kutoka hapo. Pima unene kwanza, maana viko vya milimita 12.7 na vya 9.5.

MwalimuNyakato
Nawashukuru wote. Kebo ina mkunjo kwenye kona, na juu ya mkunjo kuna alama ya duara ya skrubu, ambayo lazima ilikuwapo kabla yangu kwa sababu imeshika vumbi. C7 ilikuwa 212, na baada ya jaribio moja la kuweka Windows ikawa 268. Namba 05 na C5 zote ni sifuri. Nimepata kebo kwenye mashine iliyokufa kwa fundi wa Igoma, nikabadilisha diski dukani kwa SSD yenye dhamana kwa kuongeza kidogo, na sasa inaonekana kila mara. Ila Windows inakataa, inasema diski ina mpangilio wa GPT.

FunditarajaliMabatini
Mwalimu, flashi yako imewaka kwa mtindo wa zamani wa BIOS, nao Windows haiwezi kuwaka kwenye GPT, ambao ni mpangilio mpya wa kugawa diski, kwa mtindo huo. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuchagua diski bonyeza Shift na F10, andika diskpart, chagua diski kwa uangalifu, kisha andika clean na convert mbr. Kumbuka kwamba clean hufuta kila kitu, hivyo flashi na diski usizichanganye. MBR, mpangilio wa zamani, ina ukomo wa TB 2, nawe una GB 240.

BwiruJuu
Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine ya 2011 haina. Fikiria mfumo mwingine, Linux Mint, Mwalimu.

MwalimuNyakato
Nimeweka Mint, na LibreOffice imefungua majedwali yangu ya alama bila kuyavuruga. Jana usiku nikakumbuka ile GB 320 iliyokuwa ikigonga, ambayo nilikuwa nimeiweka kabatini nikisubiri kuitupa. Nimeichomeka kwa kebo ya USB. Haikugonga hata mara moja, ikafunguka, na mitihani yote tangu 2016 imo. Ninavyoandika haya bado inanakiliwa.