Wauza sarafu za Kirumi, acheni kutuuzia gundi na mchanga mkiita "patina ya jangwani"!!

Wakuu leo nina hasira sio za kawaida, acha nizitoe hapa. (Patina ni ule utando wa asili unaojijenga juu ya sarafu ya kale kwa miaka mingi.)

Mimi nakusanya sarafu za bronzi za Kirumi za majimboni hasa za Aleksandria kule Misri, zile zenye maandishi ya Kigiriki. Nikaagiza kwa jamaa mmoja wa huku Ulaya anayeuza mtandaoni drakma (aina ya sarafu) ya kaisari Antoninus Pius, dude la milimita 30 na ushee, nyuma yake mungu wa Nile, mzee wa ndevu kajilaza, kuna na mamba, halafu pembeni IϚ yaani 16 kwa tarakimu za Kigiriki, zile dhiraa 16 za kina cha mafuriko ya neema ya Nile. Anayezijua anaelewa kwa nini mtu anaisaka. Kwenye picha mchanga umejaa mabondeni, sura imetokeza vizuri kabisa, maelezo yanasema "patina ya jangwani, haijaguswa".

Haijaguswa!! Nimeiloweka kwenye asetoni, kimiminika kinachoyeyusha gundi, na asetoni haili bronzi wala patina ya kweli haitoki, mchanga wote ukashuka chini ya glasi kama sukari kwenye chai. Gundi tupu. Sasa njooni muone kilichofichwa, ndevu zimechongwa upya, mikwaruzo inang'aa ukiweka lenzi, sehemu ya wazi imesagwa hadi imekuwa bapa, na mwaka wa utawala wa kaisari unaoandikwa kwenye sarafu fundi kauchonga LKϚ, mwaka wa 26. Wa 26 kwa nani? Antoninus katawala 138 hadi 161, pale Aleksandria hesabu yake inaishia mwaka wa 24! Huyo fundi kaona ile Ϛ ya kwenye 16 akaona na huku itapendeza.

Kinachouma ni kwamba sarafu yenyewe ni ya kale kweli. Wangeiacha na uchakavu wake ningeilipia bei ya chakavu na ningefurahi tu.

Namwandikia anirudishie hela, ananijibu eti nimeharibu patina kwa hiyo hairudi. Yaani kuufichua uchafu wake ndio kosa langu? Nikamuuliza karatasi za ilikotoka, "mkusanyo wa zamani" basi, wa nani, tangu lini, kimya. Na Misri biashara ya mambo ya kale imepigwa marufuku tangu sheria namba 117 ya 1983, kwa hiyo hilo swali sio la umbea.

Na nyie wa "pole mkuu ndio soko lilivyo" msinijie hapa. Soko liko hivyo kwa sababu mnanyamaza. Katalogi ya RPC (Roman Provincial Coinage, orodha ya sarafu za majimbo ya Kirumi) ya Oxford iko wazi mtandaoni bure, muuzaji angefungua tu angeona huo mwaka haupo, sema hataki kuona.

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela kupitia benki kwa kesi ya sarafu iliyochongwa upya aniambie aliwapa ushahidi gani, picha za kabla na baada ninazo, na ule mchanga nimeuhifadhi kwenye kichupa.