Barabara ya Majengo kuenda Kibumba: muji na sheferi banaweza kuipanga pamoja?

Mwana_Majengo:
Jambo bandugu. Niko na ulizo. Siku barabara ya kutoka apa Goma, mashariki ya Kongo, kupanda Kibumba itatengenezwa vizuri, nani atasema itakuwa namna gani? Ukiwa Majengo uko mu komine ya Karisimbi, kidogo tu unaingia teritware ya Nyiragongo, sheferi ya Bukumu (eneo yenye kuongozwa na mwami), ukiendelea tena unafika Rutshuru kwa ba Bwisha, na parke ya Virunga iko apo karibu. Barabara ni moja, RN2, ni kusema barabara ya taifa namba mbili, lakini kila mukubwa anaangalia kipande yake. Barabara za muji ni kazi ya OVD (ofisi ya serikali ya barabara za muji na mifereji), za taifa ni Office des Routes. Minaogopa batatupatia lami pana katikati ya manyumba, makamio yakimbie, na batoto ba Kanyaruchinya bavuke kuenda masomo bila ata fasi ya kusimama. Nataka barabara yenye kupendeza macho na yenye inajua kama pembeni kunaishi batu. Kuko fasi bakubwa ba vipande mbalimbali balikubaliana bakafanya ivyo?

Himbi_Juu:
Iko, yaya. Marekani, mu jimbo la Kentucky, barabara inaitwa Paris Pike, inatoka Lexington mpaka muji mudogo wa Paris, kama kilometa 19 ivi. Ilikuwa nyembamba na ya hatari, jimbo likataka kuipanua, wenyeji bakakataa ju ingekula miti na kuta za mawe za zamani kwenye mashamba ya farasi, na 1979 tribinali ikasimamisha kazi. Ikakaa ivyo zaidi ya miaka kumi! Baadaye Lexington, Paris na kaunti ya Bourbon bakaunda komisheni moja ya kuchunga ardhi ya kandokando, ju ata uchore barabara nzuri namna gani, kama kila mutu anajenga butiki mpaka kwa lami, mu miaka michache imeharibika. Njia ya kuenda na ya kurudi bakazitenganisha, kila moja inafuata vile udongo unapanda na kushuka, zinazunguka miti mikubwa, na kuta zenye zilikuwa mu njia mafundi bakazijenga upya kwa mukono, bila simenti. Ikaisha mwanzo wa miaka ya 2000. Ile komisheni njo kitu ya kuiga.

Fundi_wa_Mawe:
Kwa kuta za mawe naingia mimi. Volkano ilitupatia mawe 2002, ikatupatia tena mei 2021 na ile mara ilikata iyi iyi barabara, sasa ju ya nini tulete beton ya kutoka mbali? Ukuta mufupi wa mawe meusi, umepangwa vizuri, unaacha maji ipite, unazuia gari kupanda kwenye batu ba miguu, na kila mugeni anajua ameingia Goma. Lakini bakubaliane mapema: kipande cha Bukumu kijengwe na vijana ba Bukumu, cha Karisimbi na ba Karisimbi, mupimo moja, urefu moja. Kama kila upande unajichagulia yake, tutapata ukuta wa rangi tatu.

Mama_Kibumba:
Banangu, mimi nauzisha choux na poireaux, nisikilizeni. Uzuri mwenye munasema ni wa mutu ndani ya gari. Chukudu, ile kinga yetu ya mbao ya kubebea mizigo, ikishuka na magunia ya viazi haisimami haraka, na leo inashuka mu njia moja na Fuso. Mu muji bamejengea chukudu sanamu ya rangi ya zahabu, lakini kwa barabara haina ata metre yake! Mutupatie kwanza njia ya chukudu pembeni, pana, isiwe na mashimo, kisha uwanja wa kuuzishia nyuma ya ukuta wa fundi. Miti ikuje, kivuli tunapenda, lakini isipandwe mahali tunashusha mizigo. Na mukiitisha mukutano musiufanyie mu salle ya muji, mupande uku soko ikiwa imejaa.

Mwana_Majengo:
Mama, umenigeuza kichwa. Basi tuandike barua moja tu, ile ile iende kwa burgumestre wa Karisimbi na kwa mwami wa Bukumu, kila mumoja aone jina la mwenzake yulu, na parke ipate kopi. Tuombe vitu viwili: njia ya chukudu mpaka Majengo, na komisheni moja ya kandokando. Himbi_Juu, Kifaransa yako ni safi, unaweza kuanza? Fundi, weka mupimo wa ukuta. Mama, utuambie siku ya soko.

Mama_Kibumba:
Nitawaambia. Na jina langu muandike, na ya bamama bengine batakubali.